Alama Zako Zinakaa Wapi? Kuchagua Programu ya Kusomea PDF

Kazi ya kusoma prufu, yaani kurasa za kitabu zinazokaguliwa kabla ya kuchapwa, hapa Nairobi siku hizi hufanyika ndani ya PDF. Bahasha ya kaki yenye kurasa za kusahihisha kwa wino mwekundu imebaki kwa wachapishaji wachache mno. Faili inaingia kwenye barua pepe, unaisoma, unaitia alama, unairudisha kwa mpangaji wa kurasa, naye anatekeleza. Wenzangu, hasa wanaoanza, huniuliza kila mara natumia programu gani, na naona jibu la jina moja haliwasaidii. Programu inayonifaa mimi mwenye laptopu ya Windows inaweza kumwangusha mwenzangu mwenye Mac, au yule anayesomea kwenye simu. Ndiyo maana nimeamua kuandika kirefu: mambo ya kutazama kabla hujajifunga na programu yoyote, na kwa nini swali la kwanza linapaswa kuwa mahali alama zako zitakapokaa.

Nianze na vichupo (tabs), kwa sababu ndivyo watu huvitaja kwanza. Nikiwa kazini huwa nimefungua prufu ninayoisoma, prufu iliyotangulia yenye masahihisho yake, mswada wa mwandishi, mwongozo wa tahajia wa mchapishaji, na mara nyingi waraka fulani wa serikali wa kuhakikishia jambo. Kitabu cha uraia hakisomwi bila Katiba ya Kenya ya 2010 kuwa wazi pembeni. Ina ibara 264 na majedwali sita. Mwandishi akisema haki za kiuchumi na kijamii ziko Ibara ya 43, huna budi kwenda kuliona jambo hilo kwa macho yako kabla hujalipitisha.

Bila vichupo, kila faili hufunguka kwenye dirisha lake, na madirisha hayo yakishakuwa mengi hufanana yote chini ya skrini: aikoni ileile, majina yamekatwa katikati. Unabonyeza hili, silo. Unabonyeza lile, silo. Vichupo huzipanga faili zote juu ya dirisha moja, majina yakisomeka, na kubonyeza Ctrl pamoja na Tab hukuvusha kutoka hii hadi ile bila kugusa kipanya. Kwa mtu anayelinganisha sentensi ya prufu na ya mswada mchana kutwa, mkono hupumzika na akili haikatiki.

Programu nyingi za kusomea PDF sasa zinavyo. SumatraPDF ilivipata 2014 katika toleo la 3.0, Acrobat Reader ikafuata 2015, na Preview ya Mac ikavipokea 2016. Okular inavyo pia. Kama kila faili inakufungukia dirisha jipya, ingia kwenye mipangilio utafute kisanduku cha kufungua faili kwenye vichupo. Evince, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa programu ya kawaida ya kusomea kwenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya Linux, haikuwahi kuwa navyo. Vivinjari navyo, kwa asili yake, vimejengwa juu ya vichupo.

Kuna mambo mawili ya kupima hapa. La kwanza ni kumbukumbu. Wengi wetu tunatumia laptopu za eksi-UK, zile zilizokwishatumika ng'ambo na kuuzwa Luthuli na Moi Avenue, na nyingi bado zina memori ya GB 4. Ukifungua kivinjari chenye vichupo vya mtandao, na juu yake programu nzito ya PDF yenye vitabu vitano vya picha, mashine huanza kusuasua. La pili ni kinachotokea stima ikipotea. Betri za laptopu hizi zimechoka. Umeme ukikatika dakika chache tu zinatosha kuizima. Programu nzuri ikiwashwa tena hukurudishia vichupo vyote, kila kimoja kwenye ukurasa ulipokuwa. SumatraPDF hufanya hivyo, na kwangu hilo lina uzito kuliko urembo wa menyu.

Isitoshe, vichupo havikuonyeshi faili mbili kwa pamoja. Ukitaka kuona mswada kushoto na prufu kulia, programu lazima ikubali kufungua dirisha la pili ulipange bega kwa bega na la kwanza. Jaribu hilo mapema. Kuna programu za simu na za kompyuta zinazokubana kwenye dirisha moja tu, na kulinganisha mistari kwa kwenda na kurudi ndiko hukufanya uruke mstari.

Hata hivyo, ukikosa vichupo utachelewa tu. Kinachoweza kukupotezea kazi yenyewe ni alama.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alisoma prufu ya kitabu kizima cha kiada kwa programu aliyowekewa na jamaa yake. Alipaka manjano, akakata maneno kwa mstari, akaandika maoni pembeni ya kila kosa. Akahifadhi, akatuma. Jioni mpangaji wa kurasa akampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Faili imefika, lakini naiona safi."

"Marahaba. Safi vipi, kijana wangu? Nimeijaza rangi mwanzo mpaka mwisho."

"Mimi sioni hata moja, Mwalimu. Labda umenitumia ile ya kwanza."

Alituma tena, ikafika safi tena. Kila alipoifungua kwenye laptopu yake rangi zote zilikuwepo, kila moja mahali pake, na kila kijana alipoifungua ofisini kwake hakukuwa na kitu. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Programu ile ilikuwa imeziweka alama kwenye hifadhi yake yenyewe, ndani ya folda iliyofichika, na PDF ikabaki vilevile ilivyotoka kwa mchapishaji. Ilibidi kijana amfuate nyumbani na flashi, atafute kwenye menyu namna ya kutoa nakala yenye alama, ndipo kazi ikaendelea. Laptopu ile ingeibwa au kuformatiwa kabla ya siku hiyo, usomaji wa kitabu kizima ungekwenda nayo.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kujua PDF yenyewe inavyobeba alama. Adobe ilitoa muundo huu 1993, na 2008 ukawa kiwango cha wazi cha shirika la kimataifa la viwango, ISO, kwa jina la ISO 32000. Mtu yeyote anaweza kusoma kiwango hicho na kutengeneza programu ya kufungua na kuandika PDF. Kwa mujibu wake, alama ya msomaji haiingizwi kwenye maandishi ya ukurasa. Huandikwa kando na kuambatishwa, kama karatasi ya plastiki inayoonyesha iliyolazwa juu ya ukurasa. Kila alama hubeba aina yake, yaani kama ni rangi, mstari wa kukata au kibandiko cha maoni. Hubeba vipimo vya mahali ilipo ukurasani, maneno uliyoandika, jina la aliyeyaandika, na tarehe. Kwa hiyo unaweza kuifuta bila kugusa neno la mwandishi, unaweza kuijibu, na programu inaweza kuziorodhesha zote upande wa kushoto ukazipitia moja moja. Na kwa kuwa vyote hivi vimeandikwa kwa namna moja inayojulikana, rangi niliyopaka kwa SumatraPDF nikiwa Umoja ataiona mpangaji mwenye Acrobat akiwa Westlands.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza, alama ndani ya faili, na kwa kazi ya kupokezana ndiyo pekee ninayoiamini.

Njia ya pili ni kuziweka nje. Okular ya zamani ilifanya hivyo, ikiziandika kwenye faili ndogo ndani ya folda ya mtumiaji. Matoleo ya sasa huzihifadhi ndani ya PDF. Skim, inayopendwa na wanazuoni wenye Mac, huziweka kwenye sifa za ziada ambazo mfumo wa Mac huambatisha kwa faili, na sifa hizo hazisafiri na barua pepe, kwa hiyo ni lazima utoe nakala maalumu yenye alama ndani. Zotero, programu ya kukusanya na kupanga marejeleo ya utafiti, huziweka kwenye hifadhidata yake. Watengenezaji wana sababu nzuri. Faili asilia hubaki salama, na ukitumia kompyuta mbili kinachosafiri kwenye mtandao ni alama chache badala ya kitabu kizima, jambo ambalo mtu wa kununua bando analielewa vizuri. Shida huja pale tu ambapo mtumiaji hajui kuwa ndivyo mambo yalivyo.

Njia ya tatu ni kuzigandisha ziwe sehemu ya ukurasa wenyewe. Ndicho kinachotokea ukichukua faili yenye alama "ukaichapisha" upya kuwa PDF nyingine. Alama huonekana popote, hata kwenye simu ya bei ya chini, lakini hazifutiki, haziorodheshwi, na mpangaji wa kurasa inambidi azitafute kwa macho ukurasa kwa ukurasa. Kwa mkataba uliokwisha kutiwa saini inafaa. Kwa prufu ni kumtesa mtu.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo lina madhara. PDF inaruhusu mabadiliko yaongezwe mwishoni mwa faili bila kuandika upya yaliyotangulia. Ndiyo maana kitabu kizito chenye picha huhifadhiwa upesi ukiongeza alama moja. Ndiyo maana pia maoni uliyoyafuta yanaweza kuwa bado yamo mle ndani, na mwenye ujuzi akayatoa. Kama una neno kali juu ya kazi ya mwandishi, mpigie mhariri simu. Usiliandike kwenye kibandiko ukitegemea kulifuta baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kuikubali programu, ninaipa mtihani huu. Ninachukua faili isiyo na thamani, ninapaka rangi neno moja, ninakata jingine kwa mstari, ninaweka maoni yenye maneno machache. Ninahifadhi, ninaifunga programu kabisa, kisha ninaifungua faili ileile kwa programu nyingine. Halafu ninajitumia kwa barua pepe na kuifungua kwenye simu. Alama zote zikionekana, na maoni yakisomeka neno kwa neno, ninaendelea. Rangi ikionekana lakini maoni yamepotea, au maoni yakifunguka yakiwa matupu, programu hiyo siitumii kwa kazi ya mtu. Ni mtihani wa muda wa kuchemsha chai, na ungemwokolea Mwalimu usumbufu wote ule.

Mtihani unaofuata ni wa mkono. Prufu ya Kiswahili ina makosa yake ya pekee, na programu inafaa kupimwa kwa makosa hayo. Chukua neno "kwamba" linapoangukia mwisho wa mstari. Programu ya kupanga kurasa iliyowekewa kanuni za Kiingereza hulikata "kwam-" juu na kuacha "ba" chini, ilhali silabi zetu zinataka "kwa-mba". Kosa hili hujirudia kitabu kizima. Ili kulitia alama lazima uanze kuchagua mwisho wa mstari mmoja na kumalizia mwanzo wa mstari wa pili. Kiwango cha PDF kinaruhusu alama moja ienee mistari miwili kwa usahihi, lakini si programu zote zinazoshika vizuri: nyingine hupaka mstari wote wa pili, nyingine huruka kabisa hadi safu ya jirani kama ukurasa una safu mbili. Ninaipaka rangi, ninaandika "kwa-mba" kwenye maoni, na mpangaji anaelewa. Kwa koma iliyokosewa mahali, ninaongeza ukubwa wa ukurasa hadi asilimia 200 kwanza, kwa maana kuchagua alama ndogo kiasi kile kwa kipanya kwenye skrini ya inchi 14 ni kazi ya kukosa na kurudia. Programu ambayo ukikuza ukurasa hukurusha mahali pengine huniudhi kupita kiasi.

Kisha kuna utafutaji. Miswada yetu huja kutoka kwa watu tofauti, sehemu nyingine zimeandikwa kwenye simu, nyingine kwenye kompyuta, na matokeo yake ni kuwa "ng'ombe" na "ng'ang'ania" huandikwa kwa ritifaa mbili tofauti, moja iliyonyooka na moja iliyopinda. Baadhi ya programu huzihesabu kuwa kitu kimoja ukitafuta. Nyingine hukuletea zilizonyooka tu na kukuacha ukidhani umemaliza. Herufi f na i nazo huweza kuunganishwa na mpangaji kuwa umbo moja, na hapo ukitafuta "fikra" huenda usiione ingawa iko mbele ya macho yako. Itafute kwa "kra" uone. Mambo haya huyasomi kwenye tangazo la programu yoyote, lakini ndiyo yanayoamua kama kosa limetoka kitabuni au limeingia darasani.

Usisahau pia jina. Nilisema kila alama hubeba jina la mwandishi wake. Laptopu ya eksi-UK mara nyingi huja na mtumiaji anayeitwa "User" au "Admin", na programu huchukua jina hilo bila kukuuliza. Wasomaji wawili wa kitabu kimoja wakirudisha faili zote zikiwa na maoni ya "User", mhariri hajui amuulize nani. Ingia kwenye mipangilio uandike jina lako kabla hujaweka alama ya kwanza.

Sasa niseme ninavyoziona programu zenyewe.

SumatraPDF ndiyo ninayoifungua asubuhi. Ilianzishwa na Krzysztof Kowalczyk 2006, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na imejengwa juu ya MuPDF, injini yenye mwendo wa kasi. Kwa miaka mingi ilikuwa ya kusomea tu. Uwezo wa kuandika alama ulikuja na toleo la 3.3 mwaka 2021. Unachagua maneno, unabonyeza kitufe cha a, yanapata rangi. Ctrl, Shift na S huzihifadhi ndani ya faili ileile. Ni nyepesi mno, na ipo nakala yake inayokaa kwenye flashi na kufanya kazi bila kusakinishwa, jambo linalofaa sana ukiwa kwenye saiba ambako mashine haikuruhusu kuweka kitu. Upungufu wake ni dirisha la kuhariri maoni, ambalo halijakomaa, na kwamba huwezi kuendesha majibizano ya maoni na mpangaji kama unavyoweza kwenye Acrobat. Nayo ni ya Windows peke yake.

Mwenye Linux ningemwelekeza kwenye Okular ya KDE, na hata mwenye Windows anaipata kwenye duka la Microsoft. Orodha ya alama iko kando, jina la mwandishi linawekwa kwenye mipangilio, na aina za alama ni nyingi: rangi, mstari wa chini, mstari wa kukata, kibandiko, maandishi ya taipu, mishale. Mwaka 2022 ilikuwa programu ya kwanza ya kompyuta kupewa Blue Angel, nembo ya mazingira ya Ujerumani, ambayo miongoni mwa masharti yake ni matumizi madogo ya umeme na uwezo wa kuendelea kufanya kazi kwenye mashine za zamani. Kwetu sisi wa mashine zilizochoka hilo ni jambo la maana kabisa.

Acrobat Reader ya bure inatosha kwa maoni, na kwa kupokezana na ofisi kubwa haina mpinzani: mhariri anajibu maoni yako chini yake, mpangaji anatia alama ya kukamilisha, na wote mnaona. Ni nzito, na haichoki kukualika ununue toleo la kulipia. Ninayo, na ninaifungua mchapishaji anapotaka masahihisho yaende kwa utaratibu huo. PDF-XChange Editor ya Kanada nayo ina zana nyingi za maoni bila malipo, ila ukigusa zana ya kulipia bila leseni itakupigia muhuri wake ukurasani, kwa hiyo soma vizuri kabla ya kubonyeza. Kwa kusoma haraka tu, Edge na Firefox zote hufungua PDF na kukuruhusu kupaka rangi na kuchora. Mimi sikabidhi kitabu kizima kwa kivinjari, kwa sababu kichupo cha prufu hukaa katikati ya vichupo vya habari na barua pepe na ni rahisi kukifunga kabla hujahifadhi.

Zotero nimeiweka peke yake kwa makusudi. Wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta wanaonitumia tasnifu zao wanaihitaji kuliko mimi. Tangu toleo la 6 la Machi 2022 ina kisomeo chake chenye vichupo na alama, na alama zote za makala moja unaweza kuzigeuza kuwa maelezo ambayo kila dondoo linakurudisha ukurasa lilikotoka. Mtu anayeandika sura ya mapitio ya maandishi hapati chombo bora kuliko hicho. Ila, kama nilivyosema, alama hukaa kwenye hifadhidata. Msimamizi akiomba makala yenye maoni yako, itoe kwa njia ya kuhamisha pamoja na alama, usimtumie faili iliyo ndani ya folda.

Simu inafaa kwa usomaji wa kwanza, ule wa kujua kitabu kinasema nini. Kwenye matatu ya kwenda Rongai nasoma, siweki alama. Kidole kwenye gari linaloruka matuta hakiwezi kukata koma.

Umuhimu wa alama zinazokaa ndani ya faili niliuona pia nje ya kazi yangu. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa ukijadiliwa hadi Rais alipokataa kuutia saini tarehe 26 Juni, Wakenya walisoma waraka wa sheria kwa wingi ambao sikuwahi kuuona. Vipande vyake vilinifikia kwenye WhatsApp kama picha za skrini, kifungu kimezungushiwa duara jekundu. Nyingi hazikuwa na namba ya ukurasa wala ya kifungu, na hukuweza kujua sentensi iliyotangulia inasema nini. Aliyeniletea PDF nzima yenye vifungu vimepakwa rangi na maoni pembeni alinipa nafasi ya kukubaliana naye au kumpinga kwa waraka wenyewe. Nina hamu ya kuona watu wakipeana nyaraka za umma kwa namna hiyo, Gazeti Rasmi la Serikali la kila Ijumaa likiwemo.

Gazeti hilo linanikumbusha faili za skani. Matoleo ya zamani ni picha za kurasa, na kwenye picha hakuna maneno ya kuchagua. Ukiburuta kipanya hupati kitu. Huko tumia mstatili au kibandiko badala ya rangi ya kuangazia, au kwanza uipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi. Tesseract, ya bure, ina data ya Kiswahili, na matokeo yake kwenye chapa safi yanaridhisha.

Nikataze jambo moja kwa nguvu zote: tovuti za bure za kuhariri PDF, zile za kupakia faili, kuitia alama, kisha kuipakua. Prufu ni mali ya mwandishi na mchapishaji, na haijatoka. Nimesoma vitabu vyenye majina na picha za watoto wa shule, ripoti zenye namba za vitambulisho, mikataba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na ukishaipakia faili kwenye mashine ya mtu usiyemjua huna namna ya kusema umeilinda. Programu zote nilizozitaja hufanya kazi kwenye mashine yako bila mtandao. Hakuna sababu ya kupakia.

Prufu ya pili inaporudi ndipo chaguo lako linapolipa. Nafungua ile ya kwanza yenye alama kwenye dirisha la kushoto, mpya kulia, na kuishusha orodha ya maoni moja baada ya jingine. Nikibonyeza oni, upande wa kushoto unaruka hadi ukurasa wake. Upande wa kulia naufuata kwa namba, nikikumbuka kwamba masahihisho yakiwa mengi mistari huhama na "kwamba" lililokuwa katikati sasa linaweza kuwa limefika ukingoni na kukatwa upya. Lililotekelezwa nalipita. Lililosahaulika nalitia alama tena kwenye faili mpya, kwa rangi nyekundu, na kwenye maoni naandika ukurasa wa prufu ya kwanza lilikotajwa, ili mpangaji asilazimike kuniuliza.